Gesi ya Baridi Iwezayo Kuwaka: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Nyumba



Yeyote atembeaye jioni katika mitaa ya Mombasa, ya Dar es Salaam au ya Unguja, akiinua macho kutazama kuta za maduka, za misikiti, za benki na za nyumba za watu wa kadiri, ataona masanduku meupe yenye feni yaliyoning'inizwa juu, yakitoa joto nje na kudondosha maji njiani. Na lau angepanda ngazi akasoma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa sanduku lililofungwa katika miaka ya karibuni, aghalabu angekuta pameandikwa R-32, na kando yake alama ndogo ya mwali wa moto. Alama hiyo haikuwapo katika viyoyozi vya zamani. Wengi wanaonunua huiona wasiulize maana yake, na baadhi ya mafundi wanaovifunga huiona wakaipuuza, kwa kuwa wamezoea kwa miaka mingi kwamba gesi ya baridi ni kitu kisichowaka wala kudhuru. Ninalotaka kulithibitisha mbele yenu leo ni hili: mzigo uliokuwa umebebeshwa anga ya dunia nzima umehamishwa, kwa sababu njema na ya haki, ukatwishwa fundi mmoja aliye juu ya ngazi, na fundi huyo bado hajapewa maarifa yanayolingana na mzigo wake.

Jina la gesi hii katika elimu ya kemia ni difloromethani. Asili yake ni methani, ile gesi itokayo katika vinamasi na katika machimbo ya makaa ya mawe, ambayo molekuli yake ni atomi moja ya kaboni iliyozungukwa na atomi nne za hidrojeni, nayo hushika moto upesi sana. Ukiondoa hidrojeni moja ukaweka florini mahali pake, unapata floromethani, ambayo bado huwaka kwa nguvu. Ukiondoa mbili, unaipata hii yetu, ambayo huwaka kwa shida. Ukiondoa tatu, unapata trifloromethani, isiyowaka. Na ukiziondoa zote nne, unapata gesi ambayo moto hauiwezi kwa lolote. Kila ngazi unayopanda moto hupungua, kwa sababu kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu kabisa katika maumbile, na florini ikishashikamana na kaboni haikubali kuachana nayo kwa wepesi. Florini yenyewe, ikiwa peke yake, ni kali kupita kiasi: wanakemia kadhaa wa Ulaya waliugua na wengine wakafa katika kuitafuta, hata Mfaransa Henri Moissan alipofaulu kuitenga mwezi wa Juni 1886, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Ndiyo hali ya vitu vingi katika kemia, kwamba kilicho kali kikiwa pekee hutulia kikiungana na kingine. Na tutaona baadaye kwamba moto ukiivunja ile molekuli tulivu, ukali uliokuwa umefungwa hufunguliwa tena.

Ili tufahamu kwa nini binadamu, aliyekuwa amekwisha kupata gesi zisizowaka, amerudi kwa hiari yake katika gesi inayowaka, yatupasa tutazame nyuma kidogo. Majokofu ya kwanza ya viwandani na ya majumbani yalitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili; zote ni sumu, baadhi huwaka, na zilipovuja usiku katika nyumba za Marekani ziliua watu wakiwa vitandani mwao. Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa kampuni kubwa ya magari na majokofu mwishoni mwa miaka ya 1920, walitafuta kitu kisichowaka wala kusumisha, wakakipata katika michanganyiko ya kaboni, klorini na florini. Na mwezi wa Aprili 1930, mbele ya wanakemia waliokutanika Atlanta, Midgley aliivuta gesi hiyo kifuani, kisha akaipulizia mshumaa ukazimika, akawa ameonyesha kwa pumzi moja kwamba haiui na kwamba haiwaki. Wale waliokuwapo waliona ushahidi uliotosha. Kwa kipimo cha siku ile ulikuwa unatosha kweli, maana hapakuwa na mtu aliyeuliza gesi hiyo itakwenda wapi baada ya kutoka chumbani.

Ilikwenda juu. Kwa kuwa haikuwa na kitu cha kuivunja huku chini, ilidumu miaka mingi, ikapanda hata ikafika mahali ambapo miali ya jua ni mikali, na huko klorini yake ikafunguliwa ikaanza kulila tabaka la ozoni linalotukinga. Mario Molina na Sherwood Rowland walilisema jambo hilo mwaka 1974, watu wa viwanda wakawabishia. Mwaka 1985 Waingereza watatu waliokuwa wakipima anga ya Antaktika, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakatangaza kwamba ozoni ya huko hupungua vibaya kila majira ya kuchipua. Na tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia sahihi Mapatano ya Montreal. Gesi zenye klorini zikaanza kuondolewa. Badala yake zikaja gesi zisizo na klorini, ambazo haziidhuru ozoni hata kidogo, lakini nyingi kati ya hizo zina dosari nyingine, nayo ni kuzuia joto la dunia lisitoke, kwa nguvu ipitayo ile ya hewa ya ukaa mara elfu na zaidi.

Hapa ndipo ilipo nukta ya mhadhara wangu, nami naomba mnivumilie nikae juu yake kidogo. Katika hewa tunayovuta mna chembe kali mno, za oksijeni na hidrojeni zilizoshikamana, zinazozaliwa kwa nguvu ya mwanga wa jua na kuishi kitambo kifupi kabisa. Kazi yake ni kunyakua hidrojeni kutoka katika gesi yoyote zinayokutana nayo, na gesi iliyonyang'anywa hidrojeni yake huvunjika. Gesi isiyo na hidrojeni haina kitu cha kunyakuliwa, basi hudumu. Ile ya ngazi ya mwisho, yenye florini nne, hukadiriwa kuishi angani miaka 50,000. Ile ya florini tatu hukaa zaidi ya miaka 200. Na hii yetu ya florini mbili huisha kwa takriban miaka mitano. Katika hesabu iliyokubaliwa kimataifa, ambayo huilinganisha kilo moja ya kila gesi na kilo moja ya hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100, floromethani ina nguvu mara 92, difloromethani mara 675, na trifloromethani mara 14,800. Tazameni basi: hidrojeni inayoipa gesi uwezo wa kuwaka ndiyo hiyo hiyo inayoipa angahewa uwezo wa kuifuta. Mtengenezaji hawezi kukuletea gesi ya jamii hii isiyowaka kabisa na wakati huo huo isiyodumu angani; lazima achague, na kila achaguapo kuna mtu atakayebeba upungufu wa uchaguzi huo. Zamani aliyeubeba ni mjukuu ambaye hajazaliwa. Sasa anaubeba fundi, pamoja na mwenye chumba.

Kiyoyozi cha kwanza cha nyumbani chenye gesi hii peke yake kilianza kuuzwa Ujapani mwaka 2012 na kampuni ya Daikin, ingawa gesi yenyewe ilikwisha kujulikana zamani na kutumiwa kama nusu ya mchanganyiko uitwao R-410A, ambao nusu yake ya pili ni gesi isiyowaka iliyotiwa makusudi ili kuuzima moto wa ile ya kwanza. Mchanganyiko huo una nguvu ya kuzuia joto mara 2,088. Ukiondoa ile nusu ya kuzimia moto, unabaki na mara 675, na kiasi cha gesi kinachohitajika ndani ya mashine hupungua pia. Kisha yakaja mapatano ya kupunguza gesi hizi zinazozuia joto, yaliyofikiwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki, mjini Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya wajumbe kukesha. Nayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea, zikiwamo za Afrika, zilipangiwa zisizidishe matumizi yao ya gesi hizi kuanzia mwaka 2024, kisha zipunguze hatua kwa hatua hata ziwe zimepunguza asilimia 80 mwaka 2045. Na nchi kadhaa za joto kali, ikiwamo Oman na majirani zake wa Ghuba, zikaongezewa muda, zikapangiwa kuanza mwaka 2028. Kwa hiyo msidhani kwamba alama ya mwali wa moto ni jambo la kupita. Itakuwa nasi, na gesi zitakazokuja baada ya hii nyingi zitakuwa nayo vile vile.

Sasa, huwaka kwa kiasi gani? Swali hili wapo wanaolijibu kwa kutisha watu na wapo wanaolijibu kwa kuwalaza usingizi, na wote wawili huwadhulumu wasikilizaji. Gesi ya kupikia iliyo majumbani mwetu hushika moto ikiwa imefika kama sehemu mbili tu katika mia ya hewa ya chumba. Difloromethani haishiki mpaka ifike takriban sehemu 14 katika mia, na ikipita sehemu 30 hivi huwa nyingi mno hata hewa haitoshi kuiwasha. Cheche inayotosha kuiwasha gesi ya kupikia yahitaji iongezewe nguvu zaidi ya mara mia ili iiwashe hii. Moto wake, ukishika, hutambaa kwa kasi isiyofika sentimita saba kwa sekunde, na wa gesi ya kupikia huupita zaidi ya mara tano. Ndiyo maana wapangaji wa viwango wameiweka katika daraja la gesi zenye sumu ndogo na moto dhaifu, ambalo mafundi hulijua kwa alama ya A2L. Walakini moto dhaifu ni moto, na katika usafirishaji hawakuipa gesi hii msamaha wowote: mtungi wake husafiri kwa namba 3252, katika safu moja na gesi zote ziwakazo.

Tuchukue chumba kimoja tukitazame kwa makini. Kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 30; na kiyoyozi chake kina gesi kilo 1. Tuseme bomba limekatika na gesi yote imemwagika ndani. Kilo hiyo, ikishakuwa mvuke wa joto la kawaida, huchukua nafasi isiyofika nusu ya mita ya ujazo, na kama feni inazunguka na hewa inachanganyika, itakuwa sehemu moja na nusu tu katika mia, ambayo ni kama sehemu moja katika tisa ya kile kiasi cha kuwaka. Mwenye chumba aweza kuwasha kiberiti asione moto wa gesi. Lakini gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.8, na mahali penye utulivu hutambaa chini kama maji yatafutayo mtaro. Mlango ukiwa umefungwa, feni imezimwa, na uvujaji ni wa ghafula, kilo ile ile inatosha, ikilala sakafuni bila kupanda, kufanya tabaka linaloweza kuwaka lenye kimo cha sentimita 27 chumba kizima. Hapo ndipo kinapolala kitoto juu ya mkeka, na ndipo lilipo jiko la mkaa la mtu anayepika ndani. Kwa sababu hiyo kanuni za ufungaji hukadiria eneo la chumba kwa kulinganisha na kilo za gesi, hukiruhusu kiyoyozi cha juu ya ukuta kiwe na gesi zaidi kuliko kile cha kusimama sakafuni, na hukataza mashine yenye gesi nyingi isifungwe katika chumba chembamba. Muuzaji anayekuuzia mashine kubwa kwa chumba kidogo akidai kwamba itapoza upesi zaidi, anakuuzia hatari pamoja na bili ya umeme.

Na pua haitakusaidia. Gesi ya kupikia hutiwa kitu chenye harufu mbaya makusudi ili ijitangaze. Hii haina harufu ila ile hafifu isiyomwamsha mtu. Anayeitafuta aitafute kwa kipimo cha umeme kilichotengenezwa kwa gesi ziwakazo, au kwa povu la sabuni juu ya maungio, ambalo ni njia ya zamani, rahisi na ya kuaminika. Ile taa ya moto iliyotumiwa na mafundi wa enzi za klorini, ambayo mwali wake hugeuka kijani ikinusa gesi, isikaribie kabisa: hapa hakuna klorini ya kuigeuza rangi, na kuna gesi ya kuipa moto.

Nimesema kwamba mzigo umemwangukia fundi, na sasa nizungumze naye hasa. Ajali kubwa katika kazi hii huwapata mafundi kuliko wenye nyumba, nazo hutokea wakati wa kufungua, wa kujaza na wa kuchomelea. Presha ya gesi hii ni kubwa: mtungi uliokaa kivulini katika nyuzi 30 za sentigredi una ndani yake takriban mara 19 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, na katika nyuzi 40 hupanda karibu na mara 25, ilhali gesi ya zamani ya R-22 katika joto hilo hilo huwa kama mara 15. Geji na mipira iliyotengenezwa kwa R-22 haiifai. Wala haifai kabisa kuondoa R-22 katika mashine ya zamani ukaijaza hii kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Kompresa ile haikuumbwa kwa presha hii, na cheche za swichi zake za umeme hazikuzibwa kama zilivyozibwa za mashine mpya. Najua bei inavyomshawishi mteja, na najua fundi naye ana watoto. Hata hivyo kazi hiyo ni ya kukataliwa, na mteja anayeing'ang'ania aambiwe wazi kwa nini.

Liko jambo jingine ambalo naona halijasemwa vya kutosha katika karakana zetu. Fundi anayehamisha kiyoyozi hufunga valvu moja, akaiacha kompresa ivute gesi yote irudi katika sanduku la nje, kisha akafunga valvu ya pili. Ni kazi ya dakika chache na kila mmoja huifanya. Lakini ikiwa mpira umelegea, au bomba limekwisha kufunguliwa kabla ya kompresa kuzimwa, basi kompresa huanza kuvuta hewa. Hewa hiyo ikachanganyika na ukungu wa mafuta na gesi, ikagandamizwa mpaka ikapata joto kali, na mchanganyiko huo huwaka ndani ya chuma kilichofungwa. Kompresa hupasuka na vipande vyake huruka. Ajali za namna hii zimetokea Ujapani, nchi ambayo mafundi wake hawakukosa mafunzo, na zilitokea hata kwa gesi zisizowaka, kwa kuwa mafuta peke yake yanatosha. Basi fundi asimame kando ya geji macho yakiwa juu yake, azime mashine mara presha inapofika chini, na asifungue ungio hata moja kabla kompresa haijanyamaza. Kwa sababu iyo hiyo, atakapojaribu kama bomba linavuja, ajaribu kwa naitrojeni kavu, na kamwe asijaribu kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, ambayo ikikutana na mafuta hulipuka papo hapo.

Kuhusu kuchomelea, neno ni moja: gesi yote iondolewe kwanza kwa mashine ya kuvutia iliyoruhusiwa kwa gesi ziwakazo, bomba lisafishwe kwa naitrojeni, madirisha yafunguliwe, ndipo mwali uwashwe. Mtungi wa kurudishia gesi usijazwe zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa kimiminika hutanuka kikipata joto, na mtungi uliojaa kikiki hauna pa kupokea utanuzi huo. Usiachwe juani wala katika buti la gari lililofungwa; joto lake lisipite nyuzi 50, na jua letu la Februari hulifikisha buti huko bila taabu. Uwekwe wima, juu ya ardhi, mahali penye hewa, si katika shimo wala ghala la chini ya nyumba. Fundi atakuta aghalabu nati ya mtungi huu hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume cha alivyozoea. Hiyo nayo ni alama iliyowekwa ili mkono ushtuke kabla ya jicho kusoma.

Sasa niingie katika afya ya mwili. Gesi yenyewe, isipochomwa, ina sumu ndogo sana. Kiasi kilichokubaliwa kwa mfanyakazi kukivuta saa nane kwa siku ni sehemu 1,000 katika milioni ya hewa, kiwango kinachopewa gesi zenye sumu hafifu kabisa. Inaloua kwalo ni kuiondoa hewa. Mtu aliyeingia katika ghala lililojaa gesi hii haoni kitu, hanusi kitu, huhisi kichwa kikizunguka na miguu ikilegea, na aweza kuanguka kabla hajajua kwamba hana oksijeni. Na anayekimbilia kumwokoa bila kufungua mlango na kuipitisha hewa huanguka juu yake. Jamii hii ya gesi, ikivutwa kwa wingi, huweza pia kuufanya moyo upotewe na mpigo wake mbele ya adrenalini, homoni ya hofu na mbio. Ndiyo maana aliyeivuta atulizwe, alazwe penye hewa safi, asikimbizwe wala kufanyishwa kazi, na daktari aambiwe alivuta nini kabla hajachoma sindano ya adrenalini. Vijana wanaonusa gesi za makopo kwa kutafuta ulevi wamekufa kwa njia hii, wengine mara ya kwanza tu, na wazazi wawaambie bila kuona haya.

Kimiminika chake huchemka katika nyuzi 51.7 chini ya sifuri. Kikiruka mkononi hugandisha nyama, na anayekigusa huona weupe kabla ya kuona maumivu. Mkono usisuguliwe, usiwekwe karibu na moto. Umwagiwe maji ya vuguvugu kwa muda mrefu, na nguo iliyogandia juu ya ngozi isibanduliwe kwa nguvu. Likiwa ni jicho, ni maji tena na hospitali. Miwani na glavu ni kinga ya bei ndogo, nami sioni udhuru wa kutovaa.

Lakini hatari ninayoiogopa kuliko zote ni ile ambayo huletwa na moto. Molekuli hii ina hidrojeni mbili na florini mbili, na moto ukiivunja hizo huungana zikawa floridi ya hidrojeni, ambayo ni asidi mbaya kuliko nyingi anazozijua fundi. Gramu 52 za gesi hutoa gramu 40 za asidi. Turudi katika chumba chetu cha mita za ujazo 30: sehemu 30 za asidi hiyo katika milioni ya hewa huhesabiwa na wakaguzi wa usalama kuwa ni kiasi cha kumkimbiza mtu mara moja kwa kuhofia uhai wake, na ili chumba kile kifikie kiasi hicho inatosha ivunjike gramu moja ya gesi katika zile elfu zilizomo. Haihitajiwi mlipuko. Mwali wa kuchomelea ukipita katika gesi iliyobaki bombani, jiko lililowashwa chini ya uvujaji, sigara inayovutwa ndani ya hewa yenye gesi, vyote hivyo vyaweza kuizalisha. Insafu inanilazimu niseme kwamba R-22 na dada zake, tulizozisifu kwa kutowaka, nazo zikipita motoni hutoa asidi hii pamoja na nyingine. Mafundi wengi wa zamani wanaijua ile harufu kali inayokata koo, wakaizoea, na kuizoea ndiko kubaya.

Asidi hii ina hila. Ikiwa nyepesi haichomi papo hapo kama asidi ya betri. Huingia ndani ya ngozi kimya kimya, na maumivu huweza kuchelewa saa nyingi, hata siku nzima. Ikishaingia huikamata kalsiamu ya mwili, ile ile inayoujenga mfupa na kuuongoza mpigo wa moyo, na kuifunga isitumike. Kwa hiyo jeraha dogo la vidole huweza kuwa kubwa ndani, na jeraha pana huweza kusimamisha moyo. Aliyeguswa avue nguo, aoshwe kwa maji mengi bila kukawia, kisha apakwe jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, nayo ingefaa kuwamo katika sanduku la huduma ya kwanza la kila karakana. Na apelekwe hospitali hata kama anasema amepona. Aliyevuta moshi wake asiruhusiwe kwenda kulala nyumbani kwa kuwa kikohozi kimetulia, maana mapafu huweza kujaa maji baada ya saa kadhaa za utulivu. Ikiwa moto umeshika, kwanza zuia gesi isitoke kama yawezekana bila kujihatarisha. Unga mkavu na dioksidi ya kaboni huuzima, maji ya kunyunyiza huipoza mitungi iliyo jirani, na asiye na chombo cha kupumulia asiingie katika moshi huo kwa sababu yoyote ya mali.

Nimebakiwa na jambo la wenye nyumba, nalo limeenea mno. Watu husema kiyoyozi kimekwisha gesi, kama gari lililokwisha petroli, wakamwita fundi kila mwaka aongeze. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Huzunguka humo humo ndani ya bomba la shaba, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, miaka kumi na zaidi, wala haipungui hata gramu ila imevuja. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kumwaga mwaka ujao, na siku hizi anaimwaga inayowaka. Mwambie atafute uvujaji kwa povu la sabuni, alizibe tundu, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha ajaze kwa kupima mtungi juu ya mizani, uzito ulioandikwa katika kibati, usizidi wala kupungua. Na mashine ikiwa imechakaa, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa na gesi ndani, kwa maana yeye hukata mabomba kwa moto ili apate shaba, na mara nyingi anayemkatia ni kijana asiyejua kusoma ile alama iliyobaki ubavuni mwa sanduku. Mwite fundi kwanza aivute gesi, akupe mashine tupu yenye valvu wazi.